Mama mkwe ndiye aliyenielekeza namna ya kuosha mkufu wa bibi

Admin, naomba unifichie jina, maana ndugu wa mume wangu wengi wako kwenye ukurasa huu.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na nne, nimesoma hadi kidato cha nne, naishi Bagara hapa Babati. Nina wiki nane kwenye ndoa na jamani, nimependwa! Mume wangu ana duka la pembejeo karibu na soko. Kila mchana anachukua bodaboda kuja kula nyumbani, wakati mama lishe yuko mlango wa pili kutoka dukani kwake. Nikimuuliza kwa nini anajisumbua, anasema, "Nimekuja kuhakikisha bado upo." Mpaka leo nikisikia pikipiki nakimbilia kioo.

Kwao kuna mkufu wa zamani. Bibi yake alilea watoto wa walowezi shambani kwao, nao walipoondoka wakamwachia mkufu huo. Ni wa dhahabu nyembamba, una lulu tatu, zumaridi mbili za kijani na feruzi mbili za rangi ya anga. Kila mtoto wa kiume akioa, bibi harusi anakabidhiwa mkufu. Akishakaa siku sitini, mama mkwe na mashangazi wanakuja kula kwake na kuukagua ukiwa shingoni mwake. Ukionekana mzima, anahesabiwa mtu wa pale.

Kabla yangu ulikuwa kwa mke wa kaka yake. Siku ya ukaguzi shangazi mmoja aliishika lulu ya katikati, akaigonga kwenye jino, akasema, "Hii ni plastiki. Ya bibi iko wapi?" Yule dada alilia na kuapa, hakuna aliyemsikiliza. Aliitwa mwizi mbele ya wageni. Kabla ya mavuno alikuwa amerudishwa kwao Mbulu akiwa mjamzito. Mume wangu alinisimulia haya tukiwa wachumba, nami nikasema moyoni, jamani, mtu anaibaje kitu cha bibi?

Mama mkwe alinikabidhi mkufu kwa mikono miwili. Mkono wake wa kushoto hauna kidole gumba, kilikatwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Akanikumbatia akasema, "Mwanangu, umechakaa huu. Kabla hatujaja uoshe vizuri. Chemsha maji, kamulia ndimu, uulaze humo mpaka maji yapoe. Na usimwambie mumeo, mshangaze siku hiyo." Nilifurahi mno. Nilijiona nina siri na mama mkwe wangu, siri ya wanawake wawili wanaompenda mtu mmoja.

Jumatatu nikafanya kama alivyosema. Povu dogo dogo likaanza kupanda juu ya lulu. Nikadhani ni uchafu unatoka. Maji yalipopoa nikautoa, nikakaa chini jikoni. Lulu mbili zilikuwa zimefifia kama chaki. Zumaridi zilijaa mistari myeupe ambayo haikuwepo. Feruzi ziligeuka kijani kama maji ya bwawa, na moja ilibaki kwenye sufuria. Iliyong'aa ni ile lulu ya plastiki tu.

Nikaufunga kwenye khanga, nikapanda bajaji mpaka kwa sonara mmoja mzee mjini. Nilipomwamkia aliitikia bila kuinua kichwa, lakini nilipofungua khanga aliondoa miwani.

"Dada, umeuchemsha?"

"Na ndimu, baba."

"Vito vya aina tofauti haviogeshwi pamoja. Kila kimoja kina adui yake. Lulu na feruzi huliwa na ndimu. Zumaridi hutiwa mafuta kuficha nyufa zake, maji ya moto yanayatoa. Na gundi ya zamani huachia. Hapa ni kitambaa laini chenye unyevu na tone la sabuni ya kuogea mtoto, unafuta kito kimoja kimoja, unakausha. Basi."

Nikaanza kulia. Ndipo akaigusa ile lulu ya katikati. "Hii niliiweka mimi. Ina zaidi ya miaka kumi sasa. Mama mmoja aliniletea ile ya asili, iliyokuwa imechomoka, ikiwa imeharibika hivi hivi. Aliitumbukiza yeye mwenyewe kwenye maji ya moto na ndimu. Nilimweleza kama ninavyokueleza wewe."

Nikamuuliza mama huyo alikuwaje.

"Sura nimesahau. Namkumbuka kwa mkono. Hakuwa na kidole gumba cha kushoto."

Kaka yake mume wangu alioa miaka minne tu iliyopita.

Sonara amesema anaweza kuweka vioo vinavyofanana, viwe tayari Ijumaa. Ukaguzi ni Jumamosi. Nikikubali, nitakuwa nimefanya alichofanya yeye, na shangazi yule bado ana meno. Nikisema ukweli, ni neno langu la wiki nane dhidi ya mama aliyemlea mume wangu peke yake. Mume wangu huwa anasema mama yake hajawahi kumdanganya. Tena huko Mbulu kuna mtoto wa miaka mitatu anayeitwa mtoto wa mwizi.

Leo asubuhi, mume wangu akinywa chai pembeni yangu, mama mkwe alipiga simu.

"Mwanangu, umeshaosha?"

Sijui kwa nini nilidanganya. Nikasema, "Bado, mama."

Akasema kwa sauti ile ile ya upendo, "Osha leo basi. Na maji yachemke sana."

Mume wangu, ambaye hakusikia maneno ila sauti yake tu, alitabasamu, akasema, "Unaona mama anavyokupenda?"

Ndugu zangu, nimebakiwa na siku tatu. Nimwambie mume wangu leo, au ninyamaze mpaka Jumamosi? Ninyi mngekuwa mimi mngefanyaje?