Yule Aliyeazima Sauti Yangu

Ungekuwa umenijua wakati ule, usingehitaji niape. Watu waliokuwamo ukumbini siku ile wengi bado wapo Chikongola, na ukiwauliza watakueleza haya haya, ila wao waliyasikia tu. Mimi ndiye niliyeyasema kwa mdomo wangu. Ndiyo maana nataka uyapate kwangu.

Na usidhani ni habari ya usiku. Ilikuwa mchana, watu wametoka kuswali adhuhuri.

Miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili, televisheni majumbani zilikuwa chache. Bwana Rashidi alikuwa na ghala la zamani la korosho pale Chikongola. Akalitia mabenchi, akaziba madirisha kwa magunia na vitambaa vyeusi, akanunua runinga kubwa na deki. Huo ndio ukumbi wetu. Siku nyingine alileta kikundi cha ngoma au vijana wa maigizo wakacheza mbele kabla ya picha. Lakini kilichojaza mabenchi, si kwamba najisifu, ni mimi. Nilikaa kwenye meza ndogo pembeni ya runinga, kipaza sauti mkononi, picha inasema Kihindi au Kichina, nami naigeuza Kiswahili papo hapo. Jambazi nilimpa sauti ya kukwaruza. Mzee nilimkohoza. Mwanamke nilimtolea sauti nyembamba ya kudeka, watu wakapiga mabenchi kwa kucheka. Kihindi chenyewe sikukijua! Nilikuwa nabuni tu, kwa kuangalia midomo na macho ya waigizaji. Wakaniita Mkalimani.

Ujue pia kwamba mimi si Mmakonde. Baba yangu alitoka Iringa akaletwa Mtwara kufanya kazi bandarini, tukakaa Shangani. Nyumbani tulisema Kihehe, shuleni Kiswahili. Kimakonde nilijua cha salamu na cha matusi, basi.

Sasa, msimu wa korosho ukifika, ukumbi ulijaa watu wa vijijini. Msimu huo akaanza kuja mwanamume mmoja wa makamo, mpole wa kutazama, kofia nyeupe kichwani. Alikuja na baiskeli, akaiegemeza ukutani, akaingia na mwanamke nyuma yake. Walikaa benchi la mbele, kule mwisho, karibu kabisa na meza yangu. Mwanamume alipenda picha kwelikweli. Alicheka, alipiga goti, wakati mwingine alimwonya mwigizaji kwa sauti: "Yuko nyuma yako, we!" Mtu wa kawaida kabisa.

Mwanamke hakucheka hata mara moja.

Ukikaa pale nilipokaa mimi, unaona nyuso za watu zikimulikwa na runinga. Wake sikuweza kuuacha. Kanga iliyopauka, miguu imepasuka na kushika udongo mwekundu, na macho yaliyokuwa hayaitazami picha. Yalinitazama mimi. Nilifikiri ni mgonjwa, amekuja mjini hospitali, mumewe kampitisha apumzike. Nawe ungefikiria nini kingine?

Walipokuja tena, nikaona midomo yake inatembea. Nikisema neno, naye analifuata kimyakimya, kama mtoto anayefundishwa kusoma. Safari iliyofuata hakuwa ananifuata tena. Tulikwenda sambamba, mimi na yeye, neno kwa neno. Niambie, anawezaje? Maneno yale nilikuwa nayatunga palepale, hata mimi sikujua nitasema nini. Nilimwambia Bwana Rashidi, akanicheka. "Umepata mpenzi, Mkalimani. Mumewe asikuone."

Nje ya mlango alikaa mama tuliyemwita Biti Hamisi, akiuza mihogo ya kukaanga. Mwaka uliotangulia alikuwa amefiwa na binti yake wa pekee, Zuhura, aliyekuwa ameolewa Madimba. Alilala akilalamika kichwa, alfajiri hakuamka. Biti Hamisi mwenyewe ndiye aliyemwosha. Mimi binti huyo sikuwahi kumwona. Na Biti Hamisi kwa upande wake hakuwahi kutia mguu ukumbini. Alisema mle ndani mna uhuni, tena mwanamume na mkewe wakiingia hakuwatazama, aliinamia karai lake.

Siku ninayokuambia, mvua ilishuka ghafla, mvua ya kwanza ya msimu. Bwana Rashidi akamwita, "Ingia, Biti Hamisi, mihogo yako italoa." Akaingia na beseni lake kichwani, akasimama nyuma, mgongo ukutani.

Picha ilikuwa ya Kihindi. Mvua ilipiga mabati mpaka sauti ya runinga ikamezwa, nami nikalazimika kupayuka. Tukafika mahali mke anaanguka miguuni pa mama mkwe analia. Nikavuta pumzi nimtolee ile sauti yangu ya kudeka. Jicho langu likampata yule mwanamke wa benchi la mbele. Midomo yake ilikuwa imeanza kabla yangu. Yeye alitangulia, na mdomo wangu ukafuata.

Ikatoka sauti ambayo sikuwa nayo. Haikuwa ya kuigiza. Ilikuwa ya mwanamke, ya chini, iliyochoka, na juu ya kelele zote zile za mvua kila mtu aliisikia. Ilisema Kimakonde. Sio maneno mawili, la, maelezo marefu, yaliyonyooka, na mimi nikiwa ndani yake kama mtu aliyefungiwa chumbani anayesikia watu wanaongea sebuleni. Nilitaka kuweka kipaza sauti chini. Vidole vilikataa. Machozi yalinitoka na sikuwa na huzuni yoyote.

Vicheko vilikatika. Kisha kule nyuma beseni likaanguka, mihogo ikatawanyika sakafuni.

"Zuhura!" Biti Hamisi alipiga ukelele. "Zuhura! Ntoto wangu!"

Yule mwanamke aligeuza kichwa. Ndipo kwa mara ya kwanza uso wake ukawa uso wa mtu. Akafungua kinywa kumjibu, akakipanua sana, na mwanga wa runinga ukaingia mpaka ndani. Hakukuwa na ulimi. Niamini au usiniamini, nilikuwa karibu naye kama nilivyo karibu nawe sasa.

Mwanamume hakukasirika wala hakushtuka. Alimwekea mkono kisogoni, polepole, kama unavyomshika mbuzi asikimbie, akamnong'oneza neno. Uso ukazima. Wakati huohuo watu waliokuwa wameelewa maneno walisimama wote pamoja, mabenchi yakapinduka, wengine wanakwenda mbele, wengine wanautafuta mlango. Biti Hamisi alikwama katikati yao, akiwasukuma kwa viwiko na kuita jina lile lile. Nilipopata nguvu ya kuinuka, benchi la mbele lilikuwa tupu.

Bwana Rashidi alikuwa mlangoni. Nilimshika shati. "Wamepita? Wamekwenda wapi?"

"Kapita yule mwanamume," alisema. "Peke yake. Kachukua baiskeli, anaikokota kwenye mvua."

"Na mwanamke?"

"Hakuna mwanamke aliyetoka hapa. Ila nyuma ya baiskeli pana gunia limefungwa. Alipokuja halikuwepo."

Biti Hamisi alitupita akatoka bila kiatu wala mtandio. Tulimfuata vijana kadhaa hadi barabarani, tukagawana njia. Mvua ilikuwa imefuta kila kitu. Biti Hamisi alirudi wakati wa magharibi, ametota, akakaa kwenye sakafu ya ukumbi katikati ya mihogo yake iliyokanyagwa.

Mimi bado nilikuwa sijui nimesema nini. Hilo lilinitisha kuliko yote. Nikamuuliza Bwana Rashidi, naye akamtazama kwanza yule mama, kama anayeomba ruhusa.

"Umesema hivi," akaniambia. "Mama, acha kunisomea dua za maiti. Sijafa. Nipo bondeni Ruvuma, nalimishwa usiku na mchana. Nina njaa, mama. Wananilisha pumba."

"Na ameniita Nangu," Biti Hamisi akasema, taratibu sana. "Ndivyo alivyokuwa akiniita akiwa mdogo. Mwanangu, jina hilo nani alikupa?"

Hakuna aliyenipa.

Wenyeji wa kusini hawahitaji kuelezwa. Mtu wa namna ile huitwa ndondocha, kwingine husema msukule: mnamlilia, mnamzika, kumbe mliyemzika siye, mwenyewe amechukuliwa akafanyishwe kazi. Nilikuwa nazisikia habari hizo tangu utotoni na kuzicheka, sisi watu wa kuja. Mpaka leo najiuliza kwa nini yule bwana alimleta mjini, mbele za watu. Labda aliogopa kumwacha nyumbani akaibwa na mchawi mwenzake. Labda alipenda picha tu, kama wewe na mimi.

Biti Hamisi alitaka kaburi lifukuliwe. Masheikh wa Madimba walimkatalia kwa upole, wakisema maiti ana heshima yake. Polisi walimsikiliza hadi mwisho, kisha wakamuuliza jina la anayemshtaki. Hakuwa nalo. Alikwenda bondeni kwa miguu, akapita mashamba ya mpunga kijiji hadi kijiji, akarudi miguu imevimba. Jioni moja alinikalisha akaniuliza, wala hakuwa analia: "Mkalimani, nimsomee au nimtafute? Nikimsomea, kama yu hai, si ninamzika kila siku? Na nikiacha kumsomea, kama amekufa, ana nani mwingine wa kumsomea?"

Tangu hapo aliacha kuuza mihogo. Alikuja ukumbini kila siku, akakaa mwisho wa benchi la mbele, pale pale. Picha ikianza alinitazama tu. Akitokea mwanamke kwenye runinga aliniinamia na kusema, "Sema, mwanangu. Labda leo atapita." Nilijaribu. Wallahi nilijaribu, nikafumba macho, nikaacha mdomo wazi. Sauti ya mwanamke haikunitoka tena, si ya kweli wala ya kuigiza. Wanaume niliweza kuwasemea, lakini wanawake katika picha zangu wakawa mabubu, na watu hawakuja kutazama picha yenye mabubu. Bwana Rashidi alifunga ukumbi, akauza deki, ghala likarudi kuwekwa korosho. Mimi sasa natengeneza redio na simu. Mpaka leo binti yangu akiniomba nimsimulie hadithi, nikifika anaposema mwanamke, namwachia mama yake aendelee.

Biti Hamisi alifariki miaka michache baadaye. Mimi ni Mkristo, lakini nilikwenda kwenye hitma yake nikakaa na wanaume wengine mkekani. Sheikh alipofika kwenye dua, akawa anawataja jamaa zake waliotangulia: baba yake, mama yake, mumewe. Kisha akamwinamia Bwana Rashidi, akamuuliza chini chini, lakini mimi nilikuwa karibu na nilisikia: "Na Zuhura, tumtaje?"

Bwana Rashidi alinitazama mimi. Nikatazama mkeka. Sheikh alingoja kidogo, akaona hatujibu, akaendelea na dua bila kulitaja jina lile. Kwa hiyo ama tulimnyima dua marehemu, ama kuna mtu bondeni kule aliyebaki hana hata mmoja wa kumuulizia. Sijui ni lipi. Nalala nalo.

Nisikilize basi, hata kama mengine yote umeyaona uongo. Siku ukiwa kwenye mkusanyiko, sokoni au popote, ukamwona mtu ambaye ulimzika kwa mikono yako, usipige kelele. Usimwite jina lake huku aliyemleta anasikia. Nyamaza, sogea mpaka umfikie, mshike mkono, ukaze. Ukishamkaza ndipo uite watu. Sisi tulianza kwa kuita.