Neno Shauri

Nilijifunza kusema mbele ya watu kwa kuiba hotuba za wakubwa. Kabla ya vita na Wajerumani, nduna mmoja, kiongozi wa vita wa Wangoni, alikuwa akihutubia watu wake karibu na Ruhuwiko, nami nikamsoma kama wenzangu walivyosoma katekisimu. Alianza kwa kuwataja marehemu, akashusha sauti mpaka watu wakainama kumsikia, ndipo akatamka lile alilojia. Nilipomaliza shule ya misheni nikawa karani wa akida, mtu wa pwani aliyetusomea amri za Wajerumani bomani. Hotuba zake nazo nikazikariri. Nilizirudia peke yangu shambani, kati ya mitama, na nilijipenda sana.

Tuliposhindwa, maji ya dawa yasizuie risasi, baba yangu mdogo alijificha na wenzake kwenye milima ya Matogoro. Akida akanituma.

"Kawaite. Waambie bwana mkubwa anataka shauri nao."

Nilikwenda. Nikawataja marehemu wetu, nikashusha sauti, nikatamka: "Mnaitwa kwenye shauri."

Kwetu shauri ni wazee kukaa na kusikilizana. Bomani shauri lilikuwa kesi, nami nilijua. Nilikuwa nimeandika mashauri mengi ya namna hiyo, na nilijua yalivyokwisha. Lakini siku ile walinisikiliza kama nilivyokuwa sijapata kusikilizwa, nami sikutaka kuiharibu hotuba kwa maelezo.

Baba mdogo alicheka. "Huyu kammeza nduna mzima," aliwaambia wenzake. Kisha akanigeukia. "Shauri la kuongea?"

"La kuongea, baba."

Walishuka pamoja nami. Shauri lao halikuchukua hata muda wa ugali kuiva. Wakanyongwa, wakafukiwa shimo moja.

Njaa ikaingia, maana askari walikuwa wamechoma maghala. Nilimpelekea mama mdogo, mjane wake, mtama kidogo. Nilimkuta akichemsha ming'oko, mizizi ya porini. Maneno ya kumwomba radhi nilikuwa nimeyapanga njia nzima, mwanzo mpaka mwisho, na pa kushushia sauti. Sikufika mbali.

"Mwanangu," alisema, "hata mimi nilikuwepo kule mlimani. Ulisema vizuri sana."

Akaendelea kuchochea moto. Nikauweka mtama kando ya moto, nikaanza kummenyea ming'oko iliyobaki.