Mbogo Nje ya Kituo cha Nyota

Mama alitaka kuona Zohali. Aliisikia kwenye redio akichuma majani chai kwetu Othaya, kwamba iko sayari iliyovaa pete, na tangu hapo hakunipa nafasi ya kupumua. Jumamosi moja nikampakia kwenye gari, tukapanda hadi kituo cha kutazama nyota kilicho juu ya Naro Moru, ukingoni mwa msitu wa mlima, ambacho hufungulia watu wa kawaida wikendi.

Tulifika jua likizama. Baridi ilikuwa kali, na Mama alikuwa na kikohozi cha majuma mengi. Mwongozaji wetu, msichana aliyetoka Kakamega, alituingiza sisi wageni wachache kwenye chumba cha mviringo, akafungua paa na kuzima taa zote. Wingu lilikuwa limekaa mbele ya Zohali.

"Tungoje kidogo," akasema. "Huwa linapita."

Mama akanipa mkoba wake. "Naenda choo."

"Nikupeleke?"

"Kwani mimi ni mtoto?"

Choo kilikuwa kibanda cha mbao, ng'ambo ya uwanja mdogo wa nyasi. Nikamwacha aende. Haukupita muda mrefu, askari wa lango akajipenyeza ndani, akaufunga mlango nyuma yake taratibu.

"Mtu asitoke," akanong'ona. "Iko mbogo hapa nje."

"Mamangu ako choo!"

"Shosho ako huko?" Msichana alinishika mkono. "Ako na simu?"

Simu ilikuwa ndani ya mkoba niliokuwa nimeukumbatia.

Askari aliniruhusu nichungulie kwenye ufa wa mlango. Mwanzoni sikuona kitu. Kisha nikasikia nyasi zikikatwa na meno, nikaliona dume lenyewe, jeusi kuliko giza, limesimama karibu kuugusa mlango wa choo. Nilifungua mdomo nimwite Mama. Askari akaniziba kwa kiganja.

"Ukipiga kelele itashtuka, na hatujui itakimbilia wapi. Hizo mbao ni kama karatasi."

"Basi ifukuze!"

"Na nini? Niko na rungu tu, madam."

Ndipo Mama akakohoa.

Ile sauti ya kutafuna ikakatika. Mbogo akainua kichwa, akakigeuza taratibu kuelekea kibandani. Mama akakohoa tena, safari hii kikohozi kikizimwa na kitu, labda leso. Nilijua jinsi kifua chake kinavyombana akikizuia, na jinsi kinavyolipuka baadaye. Nikamwomba Mungu amfungie koo. Mbogo alipiga hatua moja, akapuliza pua. Pembe ikagonga mbao.

Nyuma yangu mgeni mmoja alikuwa akilia chinichini. Mimi sikuweza hata kulia.

Sijui tulisimama hivyo muda gani. Mwishowe mbogo alijikuna ubavu kwenye kona ya kibanda, kibanda chote kikatikisika, kisha akaondoka polepole kuelekea msituni. Askari alisubiri mpaka matawi yakaacha kuvunjika, ndipo akaenda kibandani kumchukua. Mama alitoka leso ikiwa mdomoni, machozi yakimtoka.

"Twende nyumbani," nikamwambia.

"Niende bila kuona?"

Wingu lilikuwa limepita. Msichana alimkalisha kwenye kiti, akamwelekeza jicho kwenye darubini. Mama alikaa hapo akikohoa na kutazama, akikohoa na kutazama.

"Ni ukweli," akasema. "Imevaa."

Zamu yangu ilipofika niliona doa la mwanga likirukaruka. Msichana aliniambia nisiishike darubini. Sikuwa nimeishika, nilikuwa nikitetemeka mwili mzima, hata kiti kikatetemeka nami.

Tukashuka mlima, tukapita Kiganjo.

"Niliisikia ikipumua," Mama akasema. "Nikajua uko pale mlangoni. Mbona hukuniita?"

"Waliniambia ninyamaze, Mama. Ingekuumiza."

Akatazama nje ya dirisha.

"Najua," akasema. "Lakini nilikuwa nangoja uniite."

Nikaongeza joto la gari, nikamfunika miguu kwa koti langu, tukaendelea na safari.