Shujaa Asiyejua Kuloweka Ndiga

Chamima wa Quionga, kaskazini mwa Msumbiji, ana vitabu vitano, na vyote ni vya watu walionusurika. Yumo baharia aliyeachwa kisiwani, yumo mwanamke aliyevuka jangwa, yumo na mzee wa theluji ambaye Chamima hajamwelewa mpaka leo, maana mtu mwenye akili zake hahamii kwenye barafu halafu akalalamika baridi. Ni livro, yaani vitabu vya Kireno, vya mitumba, alivyovinunua mjini Palma. Alasiri, akisuka makuti uani na wanawake wenzake, huwasimulia kwa Kiswahili.

Anavipenda, ila havimbabaishi. Kosa lao analijua: shujaa yuko peke yake siku zote. Hana jirani wa kumwomba chumvi, hana mtoto wa kumlilia njaa. Kuvumilia kwa namna hiyo, husema, hata jiwe linaweza.

Siku moja alikuwa na jambo zito kuliko hadithi. Wifi yake Alima, mke wa kaka yake, alikuwa amefunga furushi. Vita walivikimbia pamoja, wakarudi pamoja, na sasa uvumi kidogo tu kwamba vinarudi ulikuwa umemtosha Alima. Alitaka kuwachukua watoto avuke mto Ruvuma kwenda Tanzania, akae kwa ndugu zake, asirudi tena. Chamima hakutaka aende. Alimpenda, na nyumba ile bila Alima asingeiweza.

"Wewe una moyo wa vitabu," Alima alisema, amelikalia furushi lake. "Mimi si mtu wa kuvumilia, wifi. Mimi ni mtu wa kukimbia."

Chamima alivuta kuti lingine, akaendelea na baharia wake. "Basi akachimba viazi vya porini, nadhani ni ndiga hizi hizi zetu. Akamenya, akachemsha, akala, akalala."

"Akalala?" Alima alidakia. "Siku hiyo hiyo? Hakuzikata, hakuziloweka kwenye maji yanayokwenda sumu itoke? Amekufa huyo! Livro chako kimeishia hapo."

Wanawake waliangua kicheko, na Alima naye akacheka, jambo ambalo uani pale lilikuwa limesahaulika.

"Kwani wewe kule Nhica, tulikokimbilia vita, ulifanyaje?" Chamima aliuliza.

"Si nilizikata nyembamba, nikazitia kapuni, nikalizamisha kapu kijitoni. Watoto wanalia, nawapiga mikono wasiguse. Nilipozitoa nikazichemsha, na zilipoiva nikala mimi kwanza. Nikakaa nangoja, kama ni kufa nife mimi. Jua lilipogeuka nikaona ni mzima, ndipo nikawapa."

Chamima aliacha kusuka. Habari za kuloweka alizijua. Hili la kuonja hakulijua, kwa sababu siku zile alikuwa amelala na homa, na ndiga zile alilishwa kwa mkono wa Alima, akala bila kuuliza. Machozi yalimtoka na hakuyaficha.

"Vitano nimevisoma," alisema. "Hamna hata mmoja humo aliyemwonjea mwenzake. Halafu wewe unaniambia si mtu wa kuvumilia!"

Alima alichezea fundo la furushi kwa vidole.

"Maji ya ugali yanachemka," Chamima alisema, "na mwiko umeufunga humo."

Alima alilitazama furushi. Kisha aliinuka, akalifungua, akatoa mwiko, akaenda zake jikoni huku akimtukana yule baharia.