Dereva wa Maharusi Aliyechemsha Injini ya Mama Mkwe

Ni asubuhi, jua bado changa. Uani kwao, mwanamume aliyevaa suti nyeusi na ndala amechuchumaa mbele ya gari jeupe. Anapitisha kiganja kati ya maua na wavu wa mbele, pale upepo unapoingilia kwenda kwenye rejeta inayopoza injini.

"Mama watoto, hili ua lisogeze. Pua isizibwe."

"Pua ya nani, yako au ya gari?" anajibu mkewe, pini mdomoni.

"Yangu ilizibuka siku ile injini ilipochemka."

Wanacheka mpaka pini inaanguka.

Mtaani wanamwita Bwana Harusi. Kazi yake ni kuendesha maharusi, na mkewe ndiye mpambaji. Gari si lao. Ni la mama mkwe, mwalimu aliyeliendesha mwenyewe mpaka alipostaafu, ndipo akamkabidhi mkwewe ajitafutie riziki.

Mwaka jana lilimfia mkononi. Siku hiyo maua yalikuwa mengi, na mkewe akayashona yote kwenye wavu wa mbele kama zulia. Picha zilipendeza kweli. Lakini msafara ulikwenda polepole kumfurahisha mpiga picha, jua likiwaka, na hewa haipiti. Mshale wa joto ukapanda mpaka kwenye nyekundu.

"Niliuona," anasema Bwana Harusi. "Kwa macho yangu haya. Lakini nyuma nina bibi harusi, matarumbeta yanalia. Nasimamaje? Nikajisemea, ah, ukumbi si ule pale."

Hawakufika. Mvuke ulifoka, injini ikazima, na bibi harusi akamalizia safari kwenye pikipiki, shela kaifunga kiunoni. Fundi alipofungua injini alikuta gasketi imeungua na kichwa cha injini kimepinda.

Gari lilikuwa na bima kubwa, basi kijiweni kila mtu akawa mwanasheria. Mmoja alimshauri adai kwamba jiwe liliruka likapasua rejeta. Mwingine akajitolea kulileta jiwe.

"Na alilileta! Kubwa kama kichwa chake. Nikamwambia, kaka, hili lingeruka, sasa hivi mngekuwa mnanisomea wasifu makaburini."

Alimweleza mkaguzi wa bima ukweli mtupu. Mkaguzi alimsikiliza vizuri, akamjibu vizuri: bima inalipa gari likigongwa, likiungua moto au likiibwa. Injini iliyochemka huku dereva anaona mshale na bado anakanyaga mafuta, huo ni mzigo wa dereva.

Mkewe alitaka wagawane lawama. Yeye akakataa. "Maua hayakanyagi mafuta," alimwambia.

Ikabaki safari ya kwa mama mkwe.

"Nilimwambia, mama, nimeua gari lako. Akaniuliza, 'Umekula?' Hapo nikajua nimekwisha."

Mama huyo hakupiga kelele. Alimwambia mkwewe alitengeneze kwa pesa zake mwenyewe, hata likae juu ya mawe mpaka vifaranga waanguliwe ndani. Fundi akakubali kulipwa kidogo kidogo, na Bwana Harusi akavua suti, akaenda kuosha magari ya watu hadi injini ikarudi mahali pake.

Leo ndiyo safari ya kwanza, na ina sharti. Mama mkwe anakaa mbele. Mshale ukipanda na mkwewe asisimame, anamnyang'anya ufunguo moja kwa moja.

Nyumbani kwa bibi harusi wanadhani mama mkwe ni bibi wa kijana anayeoa, wanampigia vigelegele. Anawapungia mkono kama ndiye anayeolewa. Katika shamrashamra hizo, shangazi wa bibi harusi anatandika kitambaa cheupe puani mwa gari, na hakuna anayemwona.

Msafara unaondoka. Honi, matarumbeta, mpiga picha akining'inia dirishani, "Polepole, polepole!" Karibu na mzunguko wa barabara, mshale unavuka katikati. Mama mkwe ameuona. Anatazama mbele kama mtu anayesimamia mtihani.

Bwana Harusi anawasha taa za hadhari na kusimama kando. Msafara mzima unasimama nyuma yake.

"Dereva, unatuaibisha!" anafoka shangazi akishuka.

"Niaibike mimi, shangazi, injini ipone," anajibu, anazima gari na kushuka. Anakutana na kitambaa kwenye wavu wa mbele, anakivuta. "Haya, nani kalivalisha gari barakoa?"

Shangazi anaangalia viatu vyake. Bibi harusi ndiye anayeanza kucheka. Anafungua mlango, anateremka na shela yake, na wapiga matarumbeta, kwa kukosa la kufanya, wanapuliza. Barabara inageuka ukumbi. Kondakta wa basi lililokwama anacheza kuliko wenye harusi.

Mshale unaposhuka, wanaendelea, na ukumbini wanafika gari likiwa zima.

Mama mkwe anachomoa ufunguo, anaushika kidogo, kisha anamtumbukizia mkwewe mfukoni mwa suti. "Kalinyweshe gari maji, baba. Limefanya kazi."

Sasa Bwana Harusi ana mpango mmoja. Yeye na mkewe walikwenda kufunga ndoa kwa miguu. Anataka siku moja wakae wao kiti cha nyuma, maua juu ya paa, matarumbeta yakitangulia.

"Tatizo ni dereva," anasema. "Simwamini mtu."

"Nitaendesha mimi," anasema mama mkwe, akivua viatu vya sherehe. "Na atakayenizibia pua ya gari, anashuka anatembea. Hata awe bibi harusi."