Vitunguu vya Mzee Bomba

Mtaani kwetu wanamwita Bomba kwa sababu ya kazi yake. Paipu ikivuja, choo kikiziba, tangi likigoma kujaa, unatuma mtu kwa Bomba, naye anakuja na mkoba wa spana begani, hana haraka, hana maneno mengi. Mimi ni jirani yake. Kati yetu kuna ukuta mmoja wa matofali, mfupi, ambao haujawahi kuficha kitu. Nayasimulia haya kwa sababu mpaka leo kuna watu wanaosema mzee yule alimkosea mwanawe, na kila nikiwasikia damu inanichemka.

Zamani Bomba alikuwa mume kama waume wengine wa mtaa. Hakujua hata sufuria ya chai inakaa wapi. Nyumba ilikuwa ya mkewe, na ua wa nyuma ulikuwa wa mkewe pia: matuta ya mboga yaliyonyooka kama yamepigwa rula, mchicha huku, nyanya kule, na shimo la taka za jikoni kwenye kona. Kisha mama yule akapatwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili ukafa ganzi, lakini ulimi Mungu aliuacha, tena mkali kama ulivyokuwa.

Bomba akakihamishia kitanda cha mkewe kwenye dirisha la nyuma ili aione bustani yake. Na kutoka kitandani hapo mama akaanza kumfundisha mumewe kazi za nyumba. Nilikuwa nikimsikia nikianika nguo. Maji ya sabuni usiupe mchicha, utaungua. Ya mwisho ya kusuuzia ndiyo ya nyanya. Majivu ya jiko yakipoa, zungushia kabichi, konokono hatavuka. Maganda shimoni, siyo kwenye pipa. Bomba akikosea, anaitwa na kurudishwa nyuma. Alikuwa anaungua vidole, anaunguza maharage, anaipiga deki sebule mpaka mbu wanahamia. Lakini alijifunza.

Alichokifahamu, na ambacho wengi wetu hatujakifahamu, ni kwamba kwa mkewe nyumba na bustani vilikuwa kitu kimoja. Siku ya kufua ndiyo siku ya kumwagilia. Mvua zikikaribia, mablanketi yote yanafuliwa mapema, kwa sababu zikishaanza, asubuhi ni za kupanda mchicha na kunde, na nguo zitasubiri jua. Mvua zikipungua, mbegu za vitunguu zinakwenda kwenye kitalu, na wiki ya kupandikiza miche hakuna kupaka rangi ukuta wala kutengeneza kitanda cha mtu. Kiangazi kikikaza, zinabakizwa mboga zile tu ambazo maji ya kufulia yanaweza kuzitunza, nyanya na pilipili basi. Kazi za ndani zilijipanga nyuma ya misimu ya nje, na Bomba alizishika zote kichwani. Alikuwa anatoka kuzibua choo cha watu, anarudi kuogesha mkewe, kisha anapalilia kabla jua halijazama.

Miaka ilipita hivyo mpaka mama akafariki. Sote tulidhani mzee ataacha. Hakuacha. Aliendelea kufunga ile aproni ya mkewe yenye mifuko miwili, akaendelea kupepeta mchele barazani, kufua, kupogoa machipukizi ya nyanya. Vijana wa kijiweni wakampata. Walimwita mama mwenye nyumba, wakamuuliza leo amepika nini. Yeye alikuwa akiwatajia chakula alichopika, bila kukasirika, kisha anapita.

Aliyeumia zaidi ni dada yake mkubwa. Mtaa mzima tunamwita Shangazi. Alikuwa akija, akimkuta ndugu yake amepiga magoti anasugua jiko, anashika kifua kama aliyeletewa habari ya msiba. Alisema mwanamume aliyefiwa anaoa au anaajiri msichana, hakumbatii dekio. Sasa mnisikilize. Kipindi chote cha ule ugonjwa, Shangazi alikuja kumtazama wifi yake mara za kuhesabika, na akija hakuvuka mlango wa chumba. Alisimama kizingitini na leso puani. Na mtoto wa Bomba, mmoja tu wa kiume, anayefanya kazi ofisini upande wa pili wa mji, alikuwa anakuja mara moja moja, anasimama, anatazama saa, anaondoka. Hao ndio walioona aibu.

Mwaka jana kijana akapata mchumba. Wazazi wa binti wakasema wangependa kupaona nyumbani kwa mkwe wao kabla ya mengine. Bomba alifurahi sana. Vitunguu vilikuwa karibu kung'olewa, majani ndiyo kwanza yanaanza kulala, dalili ya kwamba vimebakiza siku chache tu. Aliniambia ukutani kwamba wageni wataondoka na mafungu ya vitunguu, kila mtu lake. Lakini katikati ya maandalizi akaitwa kulaza mabomba ya maji kwenye shule moja nje ya mji, kazi ya siku kadhaa. Akamwachia mwanawe funguo na kumwelekeza kumwagilia jioni. Nikajitolea kufanya mimi. Akasema asante, lakini mwanangu yupo.

Mwanawe alikuwepo kweli. Siku ya pili ikaja pikapu imebeba nyasi za kupandikiza, zile zinazouzwa zimekunjwa kama mikeka, na vibarua wawili. Shangazi alikuwa amesimama katikati ya ua, mikono kiunoni, anaelekeza. Nyanya ziling'olewa pamoja na vijiti vyake vya kuegemea. Kabichi zilikatwa kwa sepetu. Vitunguu vilivutwa vikiwa na shingo bado nene, vikatupwa kwenye shimo la taka pamoja na kila kitu, likafukiwa, juu likatandikwa nyasi. Beseni za kufulia wakapewa vibarua. Nilipanda juu ya kopo tupu la rangi, ili wote wanione, nikawaambia vile vitunguu havijakomaa, na mwenyewe anavisubiri. Shangazi akanijibu kwamba wageni wa heshima hawapokelewi shambani. Kijana hata hakunitazama. Akasema tu kwamba hayo ni mambo ya nyumbani kwao.

Nyumbani kwao! Nyumba ambayo hajawahi kuifagia. Nilishuka kwenye kopo nikaenda kukaa chumbani, maana ningekaa pale ningesema neno la kuvunja ujirani.

Bomba alirudi Jumamosi asubuhi, siku moja kabla ya wageni. Nilimwona akiingia uani na mkoba wake begani. Alisimama. Hakuutua ule mkoba kwa muda mrefu sana. Mwanawe akatoka ndani anatabasamu, kama mtu anayengoja shukrani, na Shangazi nyuma yake.

"Tumekusitiri," Shangazi akasema.

Bomba akauliza amesitiriwa na nini. Shangazi akajibu, na fedheha, ndiyo maana hata beseni wamewapa vibarua. Wakwe wangemkuta amefunga aproni anasuuza sahani, wangejiuliza binti yao anaingia nyumba ya namna gani. Bomba akamgeukia mwanawe, akamuuliza kama naye ndivyo anavyoona. Kijana akasema, kwa sauti ya chini, kwamba watu wanacheka, na wamekuwa wakicheka tangu mama yu hai, hata kazini kwake kuna mtu anayekaa huku aliyewahi kumtania.

Bomba akatua mkoba.

"Mama yako alikuwa hawezi kujigeuza," akasema. "Shuka zake zilichafuka mara ngapi kwa siku hujui, maana hukuwepo. Nilizifua mimi, kwenye hizo beseni ulizogawa. Nilimwogesha mimi. Nikamlisha kwa mboga za hapo uliposimama. Sasa niambie wewe uliyesoma, aibu hapo ni ipi, na ni ya nani?"

Shangazi akaanza kusema yeye ni mkubwa na alifanya kwa mapenzi. Bomba akamwambia, "Dada, nakuheshimu. Ingia ndani upumzike." Shangazi hakuingia ndani. Alichukua mtandio wake akaondoka, na mlango wa mbele ukalia mpaka kwangu.

Mzee akaenda kuchukua jembe. Alianza kukunja zile nyasi pembeni, na udongo ulipoonekana akaanza kulima. Mwanawe akamfuata nyuma akimsihi, Baba wageni ni kesho, Baba tutafanya baada ya wageni. Bomba akasema, "Waje." Watu wakajaa kwenye kona ya njia kutazama. Nilimpitishia sururu yangu juu ya ukuta, akaipokea akaendelea. Alipolifikia shimo akachimba kwa mikono. Joto la takataka lilikuwa limeshavipika vile vitunguu. Vingi vilikuwa vimepondeka, vinanuka, vinateleza. Alivitazama kimoja kimoja, akapata vichache vya kujaza bakuli. Akakaa palepale chini kwenye udongo na lile bakuli mapajani. Nikaondoka ukutani. Kuna mambo jirani hapaswi kuyatazama.

Kesho yake wageni walikuja, baba, mama na binti. Bomba alikuwa amenialika mezani, kwa hiyo hili sikuhadithiwa. Ua ulikuwa nusu nyasi zilizokunjwa, nusu matuta mapya, matope mpaka mlangoni. Chakula alikipika mwenyewe, akakipakua mwenyewe, na aproni yake kiunoni. Kijana alikuwa anatoka jasho. Baba wa binti, mtu wa sauti nzito aliyezoea kusikilizwa, alitazama huku na huku, kisha akauliza,

"Kwani nyumba hii haina mwanamke?"

"Haina," Bomba akasema. "Alifariki. Ina mimi."

Kijiko changu kikabaki hewani. Mama wa binti ndiye aliyeuliza mkewe alifariki kwa nini, na Bomba akasimulia. Alisimulia ugonjwa, dirisha, vitunguu. Na alipoulizwa kuhusu ule ua uliochimbuliwa, alisimulia hilo nalo, bila kupandisha sauti na bila kumficha mwanawe. Hapa ndipo watu wanaposema alimkosea. Eti alimwaibisha kijana mbele ya wakwe, eti siri ya nyumba haitolewi nje. Mimi nauliza, ile pikapu iliyokuja mchana kweupe ilikuwa siri? Mzee angedanganya kwa faida ya nani? Yule aliyefukia jasho la baba yake shimoni ili apendeze kwa wageni, sisi ndio tumwonee huruma?

Baba wa binti aliongeza maharage kwenye sahani yake akala. Lakini binti mwenyewe alimgeukia mchumba wake.

"Hizo shuka za mama, wewe uliwahi kufua hata moja?"

Kijana akasema hapana. Binti akatikisa kichwa taratibu, kama fundi anayeonyeshwa ufa, akarudi kwenye chakula chake.

Uchumba haukuvunjika. Ila harusi iliahirishwa, na aliyeiahirisha ni binti, kwa maneno machache ambayo kijana hakutaka kuyarudia kwa mtu. Baada ya hapo kijana akaanza kuja kila Jumamosi. Wiki ya kwanza alinunua beseni mpya, akaziweka mlangoni kama mgeni anayeleta zawadi. Baba yake akamwambia asiziweke hapo, azijaze maji. Hakumbembeleza na hakumtukana. Alimpa kazi, basi. Nimemsikia akimwambia kwamba suruali inaanikwa kichwa chini, na kwamba lile tuta limepinda, alibomoe alipige upya. Kijana alilibomoa. Mikono yake ilitoka malengelenge, nami, Mungu anisamehe, nilifurahi kuyaona.

Vitunguu havikupatikana. Msimu wake ulikuwa umeshapita, na miche mipya iliyopandwa kwa kuchelewa ilinyauka. Kiangazi kizima Bomba alinunua vitunguu sokoni, na kila akirudi na ule mfuko mdogo alikuwa ananung'unika njia nzima, kwamba vya sokoni ni maji matupu, kwamba mtu mzima na ua wake anakwenda kuchaguliwa kitunguu na mwuzaji. Nilikuwa namwitikia kutoka upande wangu. Alikuwa na haki.

Nyanya zilifanikiwa. Za kwanza alizijaza kwenye kikapu akamtuma mtoto wa mtaani ampelekee dada yake, maana tangu siku ile Shangazi alikuwa hajakanyaga kwake. Shangazi akakipokea mlangoni, akamwaga nyanya ndani, akamrudishia mtoto kikapu bila salamu. Bomba alipokiona kimerudi kitupu alikikung'uta, akakitundika jikoni, akaniambia wiki ijayo atampelekea biringanya.