Nusu ya Msemo

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwaga na misemo ya Wazungu kama duka la jumla. Ukichelewa, anakutandika na ule wa ndege anayewahi ndiye anayepata minyoo. Nikamuuliza siku moja kwa nini Wazungu wanaisifia minyoo wakati sie huku Mbagala tunainywea dawa. Darasa likaangua kicheko. Naye alicheka, kisha akanipa ufagio.

Mtindo wake ulikuwa mmoja: anainua kidole, anasema nusu ya msemo, ananyamaza. Darasa zima tunamalizia kwa sauti.

Siku ile alisema nusu, akanyamaza, akashika ubao. Tukamalizia. Akakaa chini taratibu, kidole bado kiko juu. Tukadhani hajaridhika na sauti, tukamalizia tena kwa kelele zaidi. Aliyepaza sauti kuliko wote ni mwanawe, rafiki yangu, tunakaa dawati moja. Tulipotulia, mwalimu alikuwa ameshakata roho.

Toka hapo rafiki yangu hakusema neno. Hakulia, hakula. Makaburini alisimama kama nguzo ya umeme. Tuliporudi msibani, baba yake mdogo akanivuta pembeni. Wao Wazaramo, sie Wanyamwezi, kwa hiyo watani, na mtani msibani ana ruhusa ya kuvaa nguo za marehemu na kumwigiza mpaka wafiwa wacheke. Akanivisha koti la mwalimu na miwani yake.

"Mtani, huyu mtoto atatufia. Mtoe sauti, hata kwa matusi."

Nikaingia kwenye majamvi naburuta viatu kama marehemu. Nikawauliza wazee nani kawaruhusu kula pilau kipindi cha Kiingereza. Watu wakacheka, hata mashehe. Rafiki yangu alikuwa anaangalia miguu yake tu.

Nikainua kidole. Nikasema nusu ya msemo, ule ule wa siku ile, nikanyamaza. Wanafunzi wenzetu walikuwa wamekaa palepale jamvini. Mmoja akafungua mdomo.

"Msimalizie," rafiki yangu akasema. "Mwacheni amalize mwenyewe."

Hapo ndipo alipolia, kilio kama cha mtu anayetapika. Baba mdogo akamkumbatia. Mie nikabaki nimesimama ndani ya koti linalonuka chaki, kidole juu, na watu wote wananiangalia, wananisubiri.